Miiba ya Mama Nungunungu

Palikuwa na Nungunungu mjane na bintiye mmoja. Kila mshenga alipokuja kumposa binti, miiba ya mama ilisimama wima, na mgeni akakimbia.

"Nilisikia baridi tu," husema mama. "Watu wa siku hizi wepesi kususa!"

Mara ya tatu akaja Kobe. "Hodi, mama!" Miiba ikasimama. Kobe akazama ndani ya gamba lake.

"Ebo! Mshenga mzima unajificha?"

"Sijifichi, mama. Natafuta ugoro wangu humu ndani."

"Ugoro gani? Sema unaogopa!"

"Haya, naogopa. Na wewe, baridi gani hiyo ya jua la saa sita?"

Nungunungu akacheka mpaka machozi yakamtoka, na miiba ikalala. "Basi na mimi naogopa, baba. Huyu akiolewa, nitabaki na nani?"

Kobe akatoa shingo. "Si ungesema tangu mshenga wa kwanza!"

Posa ikapokelewa siku hiyohiyo. Mahari aliyoitaka mama ilikuwa moja tu: bwana harusi achimbe shimo lake hapo jirani, karibu kiasi cha kuombana chumvi.