Meneja Ameungua

Epifania alimdanganya bwana mifugo bila kupepesa macho. Alisema ni ndama.

"Ameungua wapi?"

"Tumboni."

"Ndama gani huyo analalia moto asiinuke?"

"Ni mjinga," Epifania akajibu.

Bwana mifugo alicheka mpaka akavua kofia. Akauliza kama kidonda kina majimaji. Hapana, kikavu, kingo zimeanza kubanduka.

"Basi hicho kinapona. Kioshe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, halafu paka asali. Mafuta usithubutu, yanafungia joto ndani. Na alale pakavu, pasafi."

Epifania alishukuru, akateremka mjini akikimbia kidogo. Kinaponaje, wakati yeye amekiona asubuhi ileile? Lakini mtu mwenye hofu habishani na habari njema.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa chatu. Mwalimu Aristides wa baiolojia ndiye aliyemtoa msitu wa Rau akiwa mwembamba kama mkanda wa suruali, akamlea katika maabara ya shule. Wanafunzi walimwita Meneja, kwa sababu alilala mchana kutwa, alikula mara moja kwa mwezi, na kila mtu alimwogopa.

Mwezi wa saba Mwalimu alikwenda semina ya wiki tatu Dar es Salaam. Alimwachia Epifania funguo na karatasi ya maagizo. Balbu iliyo chini ya sanduku isizimwe, kwa maana baridi ya Moshi mwezi huo si ya mchezo. Maji yabadilishwe kila siku. Na Meneja asiinuliwe kwa sababu yoyote ile. Hilo la mwisho lilipigiwa mistari miwili.

"Nikirudi nimkute salama," alisema, "naandika barua kwa mkuu wa shule. Utathibitishwa."

Jamani! Miaka sita Epifania alikuwa kibarua wa maabara, anaosha chupa na kufukuza panya, akiombea barua hiyo kila Jumapili. Kazi ya kudumu! Likizo yenye malipo! Angemlea hata simba.

Jumanne ya wiki ya kwanza umeme ukakatika. Ulipofika mchana Meneja alikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Epifania akafanya jambo ambalo mama yeyote wa Kichagga angemfanyia mwana-mbuzi aliyezaliwa siku ya mvua: akawasha jiko la mkaa, akaliweka kando ya sanduku, hatua moja hivi. Asubuhi iliyofuata bado aliona hajachangamka, akasahau maagizo, akamwinua. Ndipo akaona tumbo. Magamba yamekuwa ya kahawia, yamejikunja, kiasi cha kiganja kizima.

"Nimemchoma," alisema peke yake, akakaa sakafuni akalia.

Umeme uliporudi, hakuamini tena joto lolote. Alijaribu kwa mkono bati la sakafu ya sanduku, juu ya balbu, likambabua. Akasema labda ni mikono yake iliyozoea maji baridi. Akaisogeza balbu upande mmoja, akaizungushia wavu wa kuku, akatandika magazeti masafi ili mgonjwa achague mwenyewe pa kulala. Asali ilitoka kwa dada yake wa Masama, iliyokuwa imewekwa kwa ajili ya kipaimara. Kila siku alimwosha, akampaka, akamwomba radhi. Meneja alimtazama tu, kama mameneja wote.

Mwalimu aliporudi, kidonda kilikuwa kimebaki kovu. Angeweza kunyamaza, lakini dhamiri haikumpa nafasi. Jumapili baada ya misa alichuma jani la isale, akabeba kibuyu cha mbege, pombe ya ndizi, akamwomba jirani yake Mzee Rogath amsindikize kama shahidi. Huku mlimani, anayeletewa isale hakatai kusamehe.

Walimkuta Mwalimu Aristides sebuleni, amevaa suti yake ya Kaunda. Epifania akapiga magoti, akatoa jani kwa mikono miwili, akasema yote: umeme, jiko, tumbo. Hakuficha hata ndama.

Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza jambo moja tu: "Una hakika ni jiko lako?"

"Ni mimi, Mwalimu. Nani mwingine?"

Mwalimu akavuta pumzi ndefu, akalipokea jani. Alipofika nusu ya kata ya mbege, sauti yake ilikuwa imeshapata nguvu.

"Nimekusamehe, mama. Kutoka moyoni. Ila ujue, nyoka hana akili ya kukimbia joto la chini. Anaungua huku amelala. Ndiyo maana kazi hii inataka mtu makini." Akaweka kata chini. "Kuhusu barua, sasa... Msamaha ni wa moyo, kazi ni kazi. Meneja ni mali ya umma. Itabidi nimweleze mkuu wa shule kwamba aliungua mikononi mwako."

Epifania aliinamisha kichwa. Miaka sita!

"Aristides," Mzee Rogath akasema, "umeshika isale mkononi."

"Nimesamehe, Mzee. Lakini ukweli lazima uandikwe."

Hapo ndipo mke wa Mwalimu, Ruth, alipoingia kutoka uani alikokuwa akifua, mikono imejaa povu.

"Shikamoo, Mzee. Karibu, mama Epifania," akasema, kisha akamgeukia mumewe. "Baba Elinipendo, hii dawa ya kuungua niliyoikuta kwenye begi lako la safari, ndiyo ile uliyosema tangu mwezi wa sita kwamba utamtafutia Meneja huko Dar? Afadhali umeipata, maana ile balbu yako ilimbabua vibaya."