Silinda ya Tatu

Pikapu ilifika getini, ikakohoa mara tatu, ikaanza kutetemeka kama mtu mwenye homa. Mume akakanyaga mafuta. Injini ikanguruma kwa nguvu zote, lakini gari likajikokota mwendo wa kinyonga. Gia, ambayo hujibadilisha yenyewe, haikubadilika.

"Jana si ilikuwa nzima hii?" akafoka, akairudisha nyuma hadi uani.

Mkewe alisimama mlangoni, mtoto mgongoni. Alitaka gari likohoe tu. Kumbe ameua na gia.

Mama mkwe akateremka garini, akashusha sanduku lake na kulikalia. Akatoa sindano zake na uzi wa zambarau, akaendelea kufuma. Sweta la mjukuu lilikuwa na mkono mmoja.

"Mwite fundi," akamwambia mwanawe. "Nataka nifike kwa dada yako kabla jua halijawa kali."

Yote haya yaliletwa na ulimi wa mke. Jumatano, alipokuwa akianika nepi, jirani alimuuliza ng'ambo ya ua mama mkwe ataondoka lini. Naye akacheka. "We acha tu! Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wangu ana miezi mitatu, jembe lenyewe limeota kutu!" Wakacheka wote wawili. Alipogeuka, akaona dirisha la chumba cha mama mkwe liko wazi.

Mama huyohuyo aliyembeba mtoto kila jioni ili yeye akasome.

Tangu siku hiyo hakuitwa tena "mwanangu". Ilikuwa "mama mtoto, chumvi iko wapi", basi. Jioni ileile mama alikunja nguo zake. Mara ngapi alimwendea amwombe radhi! Kila alipofungua kinywa, maneno yaligeuka yakawa, "Chai ipo, mama."

Ndiyo maana alfajiri ile, mume akiwa bado anakoroma, alifungua boneti. Mwezi uliopita fundi alikuwa amewaonyesha visoketi vya waya juu ya injini. "Kimoja kikilegea tu, gari linakohoa kama mzee wa tumbaku," alisema. Basi mke akakilegeza cha tatu. Alitaka siku moja tu ya kutafuta maneno. Aliporudi ndani alisikia maji yakimwagika bafuni: mama mkwe anaoga, hata ndege hawajaamka. Anavyoharakisha kututoka, akawaza.

Fundi alikuja na sanduku lake la spana na mdomo wake usiopumzika.

"Shikamoo, mama. Safari imeota mbawa?"

"Marahaba. Silinda moja imelala. Sikiliza mwenyewe."

Fundi akatega sikio, akacheka. "Mama! Utanipokonya kazi."

"Miaka thelathini nilimshikia marehemu baba yao tochi chini ya lori. Masikio hayazeeki."

"Na gia je? Unasemaje?"

Sindano zikasimama kidogo. "Gia sijui. Anza na injini."

Akaanza na injini. Akachomoa kisoketi cha kwanza huku inaunguruma, ikazidi kutetemeka. Akakirudisha. Cha pili vivyo hivyo. Cha tatu hakikumsubiri akivute, kilikuwa kimekaa juujuu kama kofia ya kuazima. Akakikandamiza, kikalia *ta!* Injini ikatulia, ikawa inanong'ona.

"Hiki kimelegezwa na mtu," akasema.

"Au panya," mume akasema.

"Panya hana kidole gumba, kaka."

Mke akamrekebisha mtoto mgongoni, ingawa alikuwa amekaa vizuri.

"Lakini hicho ni kidogo," fundi akaendelea, akiingia ndani ya gari kuijaribu gia. Pikapu ikasogea kwa kishindo, ikang'ang'ania gia ileile. Akatikisa kichwa. "Hapa ndipo penye kazi. Kama giaboksi imekufa, tutaishusha yote. Hata mwezi utaisha." Akatandika gunia, akajilaza chali, akatambaa chini ya gari. Zikabaki buti zake tu.

Mwezi! Gari ndilo mikono na miguu ya mumewe. Ndilo linalobeba mbao anazouza. Mke akaondoka mlangoni.

"Ni mimi," akasema.

Mume akageuka. "Wewe nini?"

"Nimekilegeza mimi. Nikaua na gia, sikujua." Hakumtazama mumewe. Alikuwa amepiga magoti mbele ya lile sanduku, mtoto akichungulia begani. "Mama, nilisema neno baya. Sikujua nianzie wapi kukuomba radhi, na wewe unaondoka. Nikasema ubaki hata leo tu. Mama, wewe si mgeni hapa. Mimi ndiye niliyekuwa mjinga. Nisamehe."

Mama mkwe akalaza sweta mapajani.

"Jamani!" Sauti ya fundi ikatoka chini. "Giaboksi ni nzima kabisa! Soketi yake ya waya ndiyo imechomolewa, halafu ikafungwa juu isiburute chini. Na fundo lenyewe ni la mtu anayejua kazi. Shemeji, hili nalo ni lako?"

"Mimi? Hata sijui soketi hiyo iko wapi."

Mkono wenye grisi ukatokeza chini ya pikapu. Vidoleni ulining'inia uzi wa zambarau.

Mama mkwe hakuinua macho.

"Irudishe polepole, fundi, hakuna haraka," akasema. "Na wewe, mwanangu, inuka unishikie uzi. Mkono mmoja bado."