Mama wa Ukurasa wa Nne

Siku hizi vitabu vya watoto vinasema. Ukifungua ukurasa, aliyechorwa huamka na kunena yaliyo moyoni mwake, na kitabu kikishachapwa hakuna mkono wa kukirekebisha.

Mwanakheri alikuwa mchoraji wa vitabu hivyo, na kama wenzake alikuwa na njia yake ya mkato. Kazi ikimbana, mama wa hadithi alimchora kwa nyuma, ameinamia sufuria, maana kuchora uso hula siku nzima. Ndivyo alivyofanya katika ukurasa wa nne wa kitabu kipya. Mtoto tu ndiye aliyemchora kwa mapenzi yote, kasimama mlangoni, anamtazama mama yake.

Alasiri hiyo Tunu, binti yake wa miaka sita, alikaa mkekani nyuma ya mama yake aliyekuwa mezani akichora, kitabu hicho mapajani.

"Mama, geuka," kilisema kitabu.

"Mama," Tunu akaita, "huyu mtoto analia. Mama yake hageuki."

"Hana uso, mwanangu. Atageukaje?" Mwanakheri alijibu huku akichora. "Fungua ukurasa mwingine."

"Nimefungua. Bado namsikia. Njoo umwone."

"Subiri, namalizia."

"Mama, geuka," sauti ikarudia, safari hii kwa unyonge. Kisha Mwanakheri akamsikia Tunu akinong'ona, kama mtu mzima anayebembeleza:

"Nyamaza, mwaya. Utazoea. Hata wangu hageuki."

Kalamu ikamponyoka. Akageuka upesi. "Tunu!"

Tunu alikuwa amempa mgongo, kakiinamia kitabu, na alipoitwa hakugeuka.