Mstari wa Chaki

Flaiwili ya boti ya Bwana Shamte ilipasuka, lile gurudumu zito la chuma linalozunguka ubavuni mwa injini. Fundi Ngwali akalichomelea kama alivyoamriwa, kisha akaligonga kwa nyundo. Gurudumu zima hulia kama kengele, na hili, masikini, lililia kama chungu chenye ufa.

"Bwana, halijashika." Akachora mstari wa chaki juu ya ufa. "Likikimbia litaruka vipande."

"Uzee umekuingia masikioni," Shamte akasema. Abiria wakacheka, maana walikuwa wanachelewa soko la ng'ambo.

Sasa, mji ule una desturi yake. Injini ikitengenezwa, safari ya kwanza fundi hukaa kando yake, magoti karibu na gurudumu, ndipo watu waiamini kazi.

"Kaa basi," Shamte akasema. "Au niwatangazie kwamba Ngwali anaogopa kazi ya mikono yake?"

Ngwali akamtazama mkewe, aliyeketi nyuma yake na kapu la mihogo.

"Teremka, Mama Hidaya."

"Niteremke niende wapi? Kaa, bwana wewe. Watu wanatuangalia."

Akakaa. Shamte akazungusha hendeli, injini ikanguruma, naye huyo akarukia gatini, akapunga mkono.

Gurudumu likashika kasi. Ule mstari wa chaki ukageuka duara jeupe, zima, zuri kama mwezi.

"Unaona?" mkewe akasema. "Ufa wenyewe uko wapi?"

Ngwali alijisogeza taratibu, akaupanua mgongo wake kati ya gurudumu na mkewe.