Nyumba ya Chokaa

Halmashauri haikutoa kibali cha ujenzi mpaka mwombaji aishi miezi sita ndani ya ramani ya nyumba yake, iliyochorwa chini kwa chokaa, bila kupita ukutani hata mara moja. Sikudhani na mumewe Chiduo walikuwa wamebakiza siku mbili tu.

“Ombi limekataliwa, mama,” alisema afisa, akiwaonyesha picha za kamera. “Mvua ilipoanza, mzee alipita kwenye ukuta wa sebule.”

“Nilikimbilia kuanua mahindi,” Chiduo alinung'unika.

“Mahindi!” Sikudhani alifoka. “Mara ya kwanza ulifukuza kuku, mara ya pili ukakimbilia kofia. Mwaka na nusu napika chini ya turubai, nazunguka korido isiyokuwepo na sufuria ya moto mkononi, na wewe mlango wa hatua tano unakushinda?”

“Mtaanza upya Jumatatu,” alisema afisa.

“Nani aanze? Mimi narudi kwa kaka yangu!”

Alichukua begi lake akaondoka kwa hasira. Mvua ilikuwa imefuta chokaa yote. Kiwanja kilikuwa tope tupu. Hata hivyo alikata kona kwenye korido, akafika penye mlango, akanyoosha mkono hewani kutafuta komeo.