Dawa za Akiba

"Mlango wa kizazi umeshafunguka, mama," daktari alisema, akiitazama skrini badala ya uso wa mshonaji. "Mtoto anakuja, na bado ni mchanga mno. Ile dawa ya projesteroni ndiyo ingeushikilia usifunguke. Ulikuwa unaweka kidonge ukeni kila usiku?"

Mshonaji alitazama tumbo lake. Kipande cha uzi mwekundu wa cherehani kilikuwa kimenata kwenye jeli.

Mdogo wake alisimama kando ya kitanda, mkono mmoja umeshika mkoba wa dada, mwingine umeshika tumbo lake mwenyewe, naye pia mjamzito. Mimba mbili zilishamharibikia. Naye aliandikiwa dawa hiyohiyo; ilipoadimika madukani, dada mtu, ambaye hakuwa na maumivu yoyote na alijiona mzima, alimpelekea pakiti zake zote. "Chukua tu," alimwambia. "Mimi nimepewa za akiba."

"Kila usiku, daktari," mshonaji alijibu.

"Basi imegoma. Kuna wakati hugoma. Usijilaumu." Akatoka kwenda kuwaita wakunga.

Mdogo mtu alichukua kitambaa, akaanza kumfuta dada yake jeli huku machozi yakimtiririka.

"Kumbe dawa yenyewe ni bure kabisa! Kama wewe imekutupa, dada, mimi itanifaa nini? Leo naiacha."

Maumivu yalimbana mshonaji. Aliuma meno mpaka yakapita, kisha akaukamata mkono wa mdogo wake, kitambaa na vyote.

"Usithubutu," alisema. "Hazikuwa za akiba."