Mbuzi ya Mama Zamda

Tangu hospitali zikatazwe kupima presha, kazi hiyo hufanywa na mbuzi ya nazi yenye mashine ndani, mtu akiwa ameikalia nyumbani kwake ametulia. Zamani mama yake Zamda akiona koti jeupe la daktari tu, presha inaruka, anabebeshwa vidonge, kisha kizunguzungu kinamlaza kutwa.

Leo Zamda aliingia jikoni mbio, simu mkononi, akamkuta mama yake amekalia mbuzi anakuna nazi.

"Mama wee! Daktari kasoma vipimo vya mbuzi. Dawa basi!"

"Alhamdulillahi! Lakini we mtoto, utanitoa roho kwa makelele!"

Wakacheka mpaka nazi ikamwagika.

"Presha imepanda," mbuzi ikasema kwa upole. "Zamda, toka nje."

Akatoka, mbuzi ikaamuru mlango ukajifunga. Barazani alimsikia mama akikuna nazi tena. Akashukuru kwamba mama ametulia, akasubiri mbuzi imruhusu kuingia.